Udongo wangu ulihamia kwa jirani: kupandia nyuki na ndege chakula kwenye mteremko

Masika ya kwanza baada ya kuachiwa shamba na marehemu baba, udongo wangu ulihama. Niliukuta bondeni kwa jirani, mwekundu vilevile, umelalia kabichi zake, na humo ndani miche yangu ya kaliandra, kichaka cha kulisha nyuki na ng'ombe, imejichomeka wima kana kwamba kuna mtu aliyeipanda pale. Mzee mwenyewe hakunigombeza. Alinitazama, akautazama mlima, akasema, "Mwanangu, mali yako iko huku. Njoo na karai uichukue."

Sikwenda na karai. Nilikwenda jioni kumwomba radhi, tukakaa barazani kwake mpaka giza likaingia, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa ilianzia pale.

Shamba liko Usambara Magharibi, si mbali na Soni. Ni kama ekari moja na nusu, na hakuna mahali utakapotua sufuria ikakaa sawa. Baba alilima mahindi na maharage toka juu mpaka chini. Mimi nilitaka upande wa juu, ambako mahindi yalikuwa hayanifiki kiunoni, pawe malisho ya viumbe: maua ya nyuki, matunda ya ndege, vichaka vya kujificha. Nina mizinga minane. Kila ikifika Juni, baridi inashuka, ukungu unakaa mpaka saa tano asubuhi, maua yanaadimika, na makundi mawili matatu ya nyuki yananihama. Nina miparachichi pia, na mparachichi usiotembelewa na nyuki unatoa maua mengi na matunda ya kuhesabu. Halafu, niseme ukweli, nilitaka kumsikia tena yule ndege kulukulu. Tulipokuwa watoto alilia nyuma ya nyumba kila asubuhi. Mishai ilipokatwa, akaenda zake.

Kabla ya kuanza nilisoma sana, na mengi niliyoyapata yalikuwa ya Marekani. Kule wawindaji wanapanda vishamba vya klova na mimea ya jamii ya kabichi kwenye miinuko yao ili kulungu waje kula, wao wawe wamekaa juu ya mti wanawasubiri. Kwetu hilo lisikuingie akilini. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haijali kwamba mnyama amekula kwako. Kumwinda bila kibali ni kosa. Lakini watu wale wana tabia moja niliyoipenda: kabla ya kununua mbegu wanapima udongo. Wanajua kwamba mlima ulionyeshewa miaka mingi umeoshwa, na udongo ulioshwa unakuwa mchachu. Sisi tunanunua mbegu kwanza, udongo tunauliza baada ya kushindwa.

Basi pima. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kule Muheza, kinapima udongo, na afisa ugani wa kata atakuelekeza namna ya kuufikisha. Kwenye mteremko usichanganye udongo wa shamba zima katika mfuko mmoja. Chukua wa juu peke yake, wa katikati peke yake, wa chini peke yake, maana ni kama mashamba matatu ya watu watatu. Wa juu kwangu ulikuwa mwembamba na mchachu. Wa chini ulikuwa mzito, umekusanya kila kilichoshuka tangu enzi za babu. Kule juu niliweka chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Chini sikuweka kitu.

Kosa langu la ule mwaka wa kwanza lilikuwa moja, yaliyobaki yalikuwa watoto wake. Nilifyeka. Nilisafisha kipande kizima kikawa cheupe, nikapanda miche kwa mistari inayoshuka, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi kusimama na jembe. Mvua ilipokuja ikakuta njia imetengenezwa.

Mlimani hupandi kiwanja. Unapanda mistari inayokata mlima kwa ubapa, na kile chakula cha nyuki na ndege ndicho kinachokuwa mstari wenyewe. Mmea ule ule unaomlisha nyuki ndio unaoshika udongo. Katikati ya mistari unaacha majani ya asili yalivyo, unalima baadaye au huvilimi kabisa vile vipande. Ukielewa hilo, hata ukisahau mengine yote ya makala hii, udongo wako utalala nyumbani.

Kwanza ujue mlima wako ni mkali kiasi gani. Tafuta fito iliyonyooka ya mita 1. Ncha moja iguse udongo upande wa juu, ncha ya pili iinue mpaka fito ilale sawa. Chupa ya maji iliyojazwa nusu, ukiilaza juu yake, itakuonyesha. Sasa pima kutoka ile ncha inayoning'inia mpaka chini. Ukipata sentimita 20, mteremko ni asilimia 20. Ukipata 40, ni asilimia 40. Mimi niliamua kwamba toka mstari hadi mstari mlima usishuke zaidi ya mita 2. Hesabu yake ni ya darasani tu: gawanya 2 kwa mteremko. Pale penye asilimia 20 mistari inaachana mita 10. Penye asilimia 40, mita 5. Wenye haraka huweka mita 10 kila mahali. Wana majirani wavumilivu.

Kuupata ubapa wenyewe hakuhitaji mashine. Fremu A nilitengeneza kwa fito mbili za mita 2 zilizofungwa kileleni, fito fupi ya kukatiza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia. Isimamishe, weka alama kamba inapopita kwenye ile fito ya katikati, kisha igeuze miguu ibadilishane nafasi zilezile, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unaitembeza kama bikari, mguu mmoja ukibaki na mwingine ukitafuta mahali kamba inaposimama kwenye alama, na kila hatua unapiga kigingi. Ukimaliza, rudi nyuma uutazame mstari kwa macho, uvilainishe vigingi vinavyokwenda kombo. Usilainishe mno. Mstari wangu wa tatu niliunyoosha ili upendeze, ukawa umeinama kidogo kuelekea njia ya watu. Mvua moja tu, maji yakakusanyika pale yakapasua.

Anza juu. Watu wengi wanaanza chini kwa sababu ndiko wanakofikia kwanza na ndoo. Maji yanatoka juu, kwa hiyo mstari wa chini uliotangulia utazikwa kabla haujaota.

Ninajua kuna atakayeuliza kwa nini nisichimbe matuta ya ngazi nikamaliza. Nilichimba. Kipande cha mita kama 15, nikisaidiwa na vijana wawili, siku tatu za jasho. Tulipomaliza, udongo mwekundu wa juu ulikuwa umefunikwa na ule wa chini, mgumu, wenye rangi ya tofali lisiloiva, na hata magugu yaliukataa mwaka mzima. Pale barazani ndipo nilipoambiwa kwamba wazee wetu walilipinga jambo hili tangu mkoloni. Miaka ya 1950 serikali iliwalazimisha watu wa Usambara na wa Uluguru kuchimba matuta milimani, na kule Uluguru mwaka 1955 ilifika vurugu na mpango ukaachwa. Tukiwa shuleni tulifundishwa kwamba ilikuwa siasa. Ilikuwa siasa, ndiyo, lakini ilikuwa pia udongo: ukichimba ngazi penye udongo mwembamba unaupindua mlima, uzima unakwenda chini na mfu anakuja juu. Miaka ya 1980 mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko na kupanda miti mashambani, ulipokuja Lushoto na makontua, yaani mistari ya ubapa, ya majani ya Guatemala na miti, watu walipanda, na mpaka leo utayaona ukipita barabarani. Jasho ni kidogo zaidi na ng'ombe anapata kula.

Sasa nini kipandwe. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kichaka peke yake hakishiki udongo mwaka wa kwanza. Mche wa kaliandra wenye urefu wa kiganja una mizizi ya urefu wa kiganja. Tanguliza majani. Msimu wa vuli nilipanda vipande vya Guatemala kwenye mstari, vimekaribiana, na vilipokwisha kushika ndipo masika nikaweka kaliandra upande wa juu wa majani hayo, safu mbili za kupishana, nusu mita toka mche hadi mche. Mbegu za kaliandra ziloweke kwenye maji baridi usiku kucha, zipande kwenye viriba, uzitunze miezi mitatu au minne. Ukitaka miche iwe tayari kwa mvua za Machi, basi mbegu ziingie kwenye viriba Novemba. Aliyeniuzia mbegu mara ya kwanza aliniuzia mchanganyiko wa sijui nini. Siku hizi nachuma zangu mwenyewe, maganda yakishakuwa ya kahawia na kabla hayajapasuka.

Kwa ajili ya ile mianya ya mwaka wa kwanza, wakati vichaka bado vinatambaa, nilimwaga marejea na fiwi, mimea ya jamii ya kunde, kati ya mistari. Zinafunika udongo, zinaurutubisha, na maua yake ya njano na zambarau yanawafaa nyuki, hata wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Alizeti mwitu inaota kwa kuchomeka tu kijiti, na nyuki wanaililia, ila ikate kabla haijakomaza mbegu, la sivyo utakuwa na alizeti mwitu na usiwe na shamba.

Tughutu iliyokuwa imeota yenyewe kando ya njia sikuing'oa tena. Kwa miaka mingi niliiona gugu. Siku moja ilipochanua nilisimama chini yake nikasikia mngurumo kama wa mashine ya kusaga iliyo mbali. Kabla ya kupanda mmea wowote, tembea shambani kwako saa nne asubuhi, kila mwezi, uandike nini kimechanua na nani yuko juu yake. Daftari hilo ndilo lililonionyesha kwamba tatizo langu halikuwa maua kwa jumla. Kuanzia Oktoba yanafurika. Tatizo ni Juni, Julai na Agosti. Kwa hiyo kila ninachoongeza sasa nakiuliza swali moja tu: unachanua lini?

Mimea ya mlimani nayo ina makao yake. Kule juu kabisa kwenye upepo nimeweka mgrivea na mshai. Mgrivea una maua ya rangi ya machungwa ambayo ndege chozi hatoki humo, na mshai unatia rutuba. Mkaratusi una asali nzuri, hilo sikatai, lakini shambani kwangu hautaingia, kwa sababu chini kuna chemchemi tunayochota kaya sita. Na hapo chini usipande wala kulima karibu na maji kwa kudhani unasaidia viumbe: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe toka chanzo cha maji. Pale niliacha tu. Miti ya mshihwi miwili na mvumo mmoja ilikuwepo, inatosha.

Mvumo nauongelea kwa mapenzi. Ni wa jamii ya mkuyu, unaota kwa kukata tawi nene na kulichimbia kama nguzo, na miti ya jamii hii haizai kwa pamoja: huu ukiwa mtupu, ule wa ng'ambo umejaa. Ndiyo maana ndege wa matunda wanaitegemea miezi ambayo kila kitu kingine kimekauka. Ukiwa na nafasi ya mti mmoja tu wa ndege, uwe huo.

Lakini usiwe karibu na mahindi. Hapa nilijifunza kwa hasara. Mwaka wa pili nilipanda mipera na mitomondo kwenye mstari wa chini, hatua 10 toka kwenye mahindi, nikijisifu kwamba ndege watafurahi. Walikuja kima. Walikula mapera mabichi wiki mbili, yalipokwisha wakageuza shingo, wakayaona mahindi. Mke wangu aliniuliza kwa upole, "Baba Neema, hao wageni uliowaalika wanaondoka lini?" Sikuwa na jibu. Mipera niliikata. Kama huna wa kushinda shambani, matunda yapande upande ule ulio mbali kabisa na chakula chenu, ukingoni mwa msitu kama upo, na kati yake na mahindi pawe na eneo wazi, kwa kuwa kima hapendi kuvuka mahali asipokuwa na mti wa kukimbilia. Mizinga ukiitundika kwenye ukingo huo inasaidia kidogo. Mbega hawajawahi kunisumbua. Wao kazi yao ni majani.

Jambo la pili la tahadhari liko Usambara Mashariki, na kila anayepanda miti ya ndege aende akalione. Kule Amani uliletwa musizi, ambao wataalamu wanauita Maesopsis eminii, mti unaokua haraka na kuzaa matunda ambayo hondohondo anayapenda sana. Hondohondo wakala, wakaruka, wakadondosha mbegu msituni popote mti wa kale ulipoanguka. Leo umejaa humo na unabanana na miti ya asili. Ndege hajui mpaka wa shamba lako. Kila tunda la kigeni unalomlisha, analipanda kwingine kwa niaba yako. Tangu nilipoyaona yale, kwa upande wa matunda napanda ya huku huku tu: mshihwi, mvumo, mkomohoyo. Lantana pia usiipande, hata kama vipepeo wanaizunguka.

Nirudi kwenye kaliandra, kwa sababu ndiyo inayoleta ugomvi nyumbani. Ng'ombe anaipenda. Ukiikata kila mara kwa ajili ya maziwa haitachanua. Ukiiacha ichanue, ng'ombe anakutazama. Nilijaribu kukata matawi ya chini na kuacha ya juu, ikawa miti mirefu myembamba inayolalia majani ya Guatemala na kuyaua kwa kivuli. Kinachofanya kazi kwangu ni kukata mstari na kuruka mstari. Ya kwanza, ya tatu na ya tano ni ya ng'ombe msimu huu, inakatwa usawa wa goti au kiuno. Ya pili na ya nne ni ya nyuki. Msimu ujao wanabadilishana. Maua ya kaliandra yanafunguka jioni, kwa hiyo ukipita alfajiri utawakuta nyuki wamekwisha kuwahi, na jioni utawaona nondo.

Mizinga yenyewe niliitoa kule juu nikaishusha chini ya malisho. Nyuki anayekwenda kutafuta yuko mwepesi, apande mlima; anaporudi na mzigo, ashuke. Mlango uangalie bondeni, mgongo uwe kwenye upepo. Waya za kutundikia zipake grisi, siafu wa huku hawana simile.

Na zungumza na wanaopiga dawa. Mabonde ya Lushoto ni ya mboga, na mboga ni dawa kila wiki. Sikumwambia yule mzee aache, ningekuwa mjinga, maana kabichi ndizo zilizomsomeshea watoto. Nilimwomba apige jioni nyuki wakisharudi, na mimi nikaahidi mambo mawili: chupa ya asali kila mavuno, na udongo wangu usionekane kwake tena. La asali nimelitimiza. La udongo, masika iliyopita mstari ule wa tatu ulivuja tena pale kwenye njia, ukashusha kama karai tatu. Safari hii niliteremka nalo karai, asubuhi na mapema, kabla hajaamka.

Kulukulu bado. Ila Agosti iliyopita hakuna kundi lililohama, na kuna ndege mkubwa ambaye bado sijamjua anakula mvumo wa chini kila siku kama saa kumi na mbili asubuhi. Vuli hii nachimbia nguzo nne zaidi za mvumo, kule ukingoni, mbali na mahindi.